Shuka Lililorudishwa

Basi lilikata kona ya hospitali, na mzee wa kiti cha dirishani alikuwa bado anabisha. "Mwanangu, binti yako hasemi, hatembei. Wamemwajiri kwa huruma tu."

Mama mtu hakukasirika. Alimkumbuka mwelekezi wa kazi aliyekaa miezi ubavuni mwa bintiye, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akimfundisha kukagua mashuka. Kisha mwelekezi akasogea mlangoni, na binti alipoiweza kazi peke yake, akaacha kuja.

"Jana, baba, msimamizi kafua shuka kwa mkono wake. Binti yangu kamrudishia, kidole juu ya doa."

"Msimamizi akasemaje?"

"Aseme nini? Karudi kufua."

"Hata hivyo," mzee akaanza, lakini basi likasimama. Mama alipoinuka kushuka, alimwona mzee akiikagua kimyakimya kola ya shati lake mwenyewe.