Rangi Haijakauka

— Elfu themanini! Namrudishia elfu themanini zake zote, akatafute fundi mwingine, na yaishe!

Nyooka alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na nusu ya kahawa ilikwisha kumwagika kwenye viatu vya Mwalimu. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, mguu mmoja mfupi, na mwaka wa ngapi sijui huu fundi anaahidi kuurefusha. Mwalimu amestaafu kufundisha, hajastaafu kusema. Kipara ni kinyozi wa kibanda cha pili, na kichwani kwake hakuna hata unywele wa dawa. Wakili hakusomea sheria. Alikuwa tarishi wa mahakama, akaondoka na maneno yao. Shangazi anauza kahawa, anasikia yote, anamimina. Na nyuma yao, umeegemezwa ukutani, ulisimama mlango wa chuma wa rangi ya buluu, mzuri kiasi cha kumfanya mpita njia apunguze mwendo. Mlango huo ulikuwa wa mke wa Nyooka.

Mke wake ni fundi cherehani. Alikuwa amepanga chumba cha duka ng'ambo ya barabara, akaja karakana kama mteja yeyote, akaagiza mlango, akalipa bei kamili. Nyooka alikataa pesa, mke akazitia kwenye mfuko wa shati lake na kumwambia: "Wewe si unasema kazi ni kazi?" Nyooka husema hivyo kweli. Jina lake limetoka hapohapo: "Mimi nimenyooka, sina kona, sidaiwi na mtu." Ila sasa kila mara mke alipouulizia mlango, jibu lilikuwa moja: rangi haijakauka. Na jua lilivyokuwa likiwaka, hata kisima kilikuwa kimekauka.

— Kaa chini, umenitia madoa, alisema Mwalimu. Mimi nimesimulia hadithi tu. Hadithi niliyofundisha tangu chaki ilipokuwa chaki.

— Umenisema mimi!

— Kwani wewe ni karani?

— Jamani, alisema Kipara, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kibandani anakung'uta nywele za watu. Mnagombana na mimi sipo? Hadithi gani?

Mwalimu hakuhitaji kuombwa mara mbili.

— Kulikuwa na karani na mkewe. Nyumba moja, ufunguo mmoja, na ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa karani. Mke akichelewa sokoni, anamngoja mume barazani kama mgeni. Akaomba naye achongewe wake. Mume akacheka: "Ufunguo wa nini? Mimi nipo." Siku moja karani akaupoteza. Wakalala barazani wote wawili, wao na mbu wao. Asubuhi mume akaenda kazini na shati lilelile. Jioni anarudi, anakuta kitasa kipya. Mke kamfungulia, kamkaribisha, kamwekea chai. Mume akauliza: "Na ufunguo wangu?" Mke akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akamwambia: "Ufunguo wa nini? Mimi nipo."

— Halafu?

— Halafu imeisha.

— Imeisha vipi? Kipara alikaa, benchi likainama upande wa mguu mfupi. Hadithi haiwezi kuishia kwenye chai! Mimi nakwambia fundi kitasa ndiye aliyekuwa mchumba wake. Mwanamke hawezi kubadili kitasa peke yake.

— Mbona mama yako alikubadili nepi peke yake? aliuliza Shangazi.

Walicheka, Kipara mwenyewe akiwamo. Wakili akakohoa, maana alikuwa na hoja.

— Waheshimiwa. Ushahidi wa mazingira unaonyesha ufunguo haukupotea. Uliibwa. Nani alikuwa na nia? Mke. Nani alifaidika? Mke. Alimnyofolea mumewe akiwa usingizini, akaumeza.

— Akaumeza ufunguo?

— Ulikuwa mdogo. Lengo lake ni nyumba. Leo kitasa, kesho hati, keshokutwa karani anapanga kwake mwenyewe. Ndiyo maana wahenga wakasema, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

— Inahusiana na nini hapo? aliuliza Mwalimu.

— Zizi lina mlango.

— Wakili, wewe ungekuwa wakili kweli, watu wangefungwa mpaka mashahidi.

— Mimi nimefikiri, alisema Kipara. Karani yule amekufa. Tangu mwanzo. Yule anayelala barazani ni mzimu, ndiyo maana hakuoga. Mwanamke anaongea na mzimu, anauwekea na chai. Na mzimu hauhitaji ufunguo, unapita ukutani! Mwalimu, miaka yote umefundisha watoto hadithi ya mzimu bila kujua.

— Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha darasa.

— Ulinirudisha.

— Kumbe haikusaidia.

Nyooka alikuwa amekaa, lakini nusu ya kalio tu. Kila walipocheka yeye aliuma shavu. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na bado alijiona anatazamwa. Maana neno lile lilikuwa lake. Siku mke alipoanza habari ya duka, yeye alimwambia, tena mbele ya jirani: "Mlango wa nini? Mimi nipo." Na alikuwepo kweli. Chumba hakina mlango, basi cherehani haiwezi kulala pale. Kila jioni Nyooka anavuka barabara, anaitia begani na miguu yake ya chuma, na mke anatembea pembeni na furushi la vitambaa. Njiani ndipo mke anaposimulia. Bibi harusi aliyenenepa baada ya kupimwa. Bwana aliyeleta suruali ipunguzwe, akarudi iongezwe. Nyooka anacheka mpaka anashusha mzigo. Wakifika nyumbani kuna watoto, kuna masufuria, kuna taarifa ya habari, maneno yanakwisha. Sasa mlango ukishawekwa pale, cherehani italala dukani, na yeye atakwenda kubeba nini? Atasimama tu mlangoni mikono mitupu, aseme nimekuja kusikiliza? Mtu mzima?

Hilo hakulisema. Aliyenyooka, sasa alikuwa na kona moja, na ameificha nyuma ya kopo la rangi.

— Nyie hamjui kitu, alifoka. Hadithi hiyo imeandikwa na wauza vitasa! Wanataka kila mtu nyumbani awe na kitasa chake. Mume chake, mke chake, mtoto chake. Mnakula mmefungiana!

— Sasa hiyo ndiyo ya leo, alisema Kipara kwa heshima. Imeipita hata yangu ya mzimu.

— Na wewe unauza nini, Nyooka? aliuliza Mwalimu taratibu.

— Milango.

— Ahaa.

— Ahaa nini? Sema! Mimi sitaki ahaa!

— Haraka haraka haina baraka, alidakia Wakili kumsaidia. Mlango wa mke haukimbizwi. Rangi ina utaratibu wake kisheria.

Shangazi alitikisa birika. Lililia sauti ya chini, ile ya mwisho mwisho.

Hapo akafika mtu na baiskeli, madumu ya maziwa yananing'inia pande zote mbili. Hakuwa wa mtaa ule. Alisalimia, akaitikiwa, akauliza fundi ni nani, vidole vyote vikamwonyesha Nyooka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kipara. Karibu, utuokoe.

— Asante, bwana. Nataka mlango wa banda la ndama. Naona hapo mmeshatengeneza mmoja. Huo hasa ndio ninaoutaka.

Nyooka alisimama, kifua kikapanda.

— Huo si wa ndama, kaka. Huo ni wa duka. Wa mke wangu. Tazama kona zilivyokutana. Pitisha kidole, hukwami popote.

Muuza maziwa aliegemeza baiskeli, akaukagua mlango mbele, akauzunguka nyuma, akarudi mbele. Akalivuta komeo la nje, likateleza kama limepakwa siagi. Akaenda tena nyuma.

— Mzuri sana. Ila fundi, samahani, mimi si mtaalamu. Mama akiwa ndani, anajifungiaje?



Mwalimu alivaa miwani. Kipara akainuka, benchi likamwangusha Wakili kidogo. Walikwenda nyuma ya mlango wote, kama watu waliokwenda kutazama nyoka. Upande wa ndani ulikuwa laini, umepakwa rangi mara mbili, na hauna kitu. Hakuna komeo, hakuna kitanzi, hakuna hata tundu la kupitishia msumari. Nyooka alipapasa pale ambapo komeo hukaa. Milango mingapi ametengeneza maishani, na haujawahi kutoka hata mmoja bila komeo la ndani, isipokuwa ya mabanda. Alitaka kusema alisahau. Mdomo ulifunguka, lakini neno lile halikuwa la kweli, na yeye hakuzoea kuyasema ya namna hiyo. Uongo ule wa rangi ulikuwa umemchosha vya kutosha.

— Wakili, Kipara alinong'ona, sema kitu.

— Naomba kuahirisha.

Ng'ambo ya barabara mke wa Nyooka alikuwa ameona wanaume wazima wamerundikana nyuma ya mlango wake. Akavuka, futi ya kupimia shingoni, uzi umeshika kwenye mkono wa gauni. Hakumsalimia mumewe kwa "baba watoto" kama siku zote. Alisema:

— Fundi, habari za kazi?

— Nzuri, alijibu Nyooka, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeitwa ofisini.

Mke aliweka kiganja kizima kwenye rangi ya buluu, akakibana, akakigeuza na kuwaonyesha wote. Kiganja kilikuwa kisafi. Kisha akazunguka nyuma, akatazama pale walipokuwa wakitazama.

— Mke wangu, alisema Nyooka. Zile elfu themanini, kama unataka...

— Sikufuata elfu themanini.

— Ni kwamba jioni... mimi huwa nakuja... Cherehani ikilala dukani, jioni nitakuja kubeba nini?

Shangazi alifunika birika. Muuza maziwa alitazama baiskeli yake. Mke alimtazama mumewe, na kitu kama kicheko kilimpita usoni, hakikukaa.

— Furushi lipo, alisema. Utabeba furushi. Na siku nikichelewa utagonga, nitakufungulia.

Akaivua futi shingoni, akapima palipo patupu nyuma ya mlango, akatia alama kwa chaki yake ya cherehani.

— Komeo hapa, fundi. Upande wangu. Na mlango wangu nautaka leo.