Pua ya Dobi

Mama aliyekaa dirishani mwa basi alikuwa amepakata shati la kiume. Abiria wa pembeni yake akamwambia, "Mimi ni dobi, mama. Niletee nikufulie."

"Likifuliwa nimekwisha," alijibu. "Ni la marehemu mume wangu. Mbwa wake hajala tangu tuzike, ndiyo maana nimelifuata kwa wifi yangu, mnyama apate angalau harufu yake."

"Mbwa hana huzuni, mama. Ana pua tu. Harufu ikiisha, amesahau."

"Basi ana afadhali, mwanangu. Ndugu zake marehemu hawakungoja hata harufu iishe."

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao nilijifanya natazama barabara, nisije nikacheka msiba wa watu.

Dobi hakukubali. "Huzuni ni ya binadamu. Yeye anataka kunusa tu."

"Na mimi unadhani nataka nini?" Mama akalikunjua shati, akazamisha uso ndani. Alikaa humo kitambo, kisha akainuka amekunja uso. "Mafua haya, sisikii kitu. Wewe kazi yako ni nguo. Hebu ninusie, bado yumo?"

Dobi akainusa kola, kisha kwapa, taratibu kama fundi. Mimi huku nyuma nilikuwa nimeshasikia harufu ya sabuni tangu shati lilipokunjuliwa.

"Yumo, mama," alisema. "Yumo kabisa."

Basi likasimama. Mama akashuka upesi, shati kalibana kifuani, anampelekea yule mbwa ambaye pua yake haitamwonea huruma.