Elinipendo Munuo, Aliyesikiliza Huku Akimenya Ndizi

Wasifu wa marehemu, uliosomwa na mdogo wake, Gabriel Ndelilio Nkya, katika mazishi yaliyofanyika Machame, Jumanne tarehe 23 Aprili 1985.

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na wote mliopanda huku na masika haya. Familia inaomba radhi mapema: wasifu huu utawachekesha. Tulijaribu kuuandika wa huzuni, tukashindwa. Kila tulipoanza sentensi ya kulia, mmoja wetu alikumbuka jambo na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 katika kihamba cha migomba cha baba yetu, mzee Ndelilio Nkya, kijiji cha Nronga, Machame. Alikuwa mtoto wa pili wa mama yetu Martha, ambaye tunaye hapa leo. Alibatizwa mwaka huohuo na akapata kipaimara mwaka 1949. Wasiomfahamu utotoni hawataamini, lakini Elinipendo alizaliwa na mdomo. Hakuna siri iliyolala kwake. Akiwa na miaka saba hivi alimwambia mzee wa kanisa aliyekuja kutembelea, "Baba yuko nyuma ya migomba na pombe yake ya mbege, amesema atatoka ukishaondoka." Baba alisikia kila neno, akatoka mwenyewe huku akijifuta masharubu. Mama Martha alicheka mpaka mtori ukaungua jikoni.

Alisoma shule ya msingi na shule ya kati ya wasichana hapahapa Machame, akamaliza mwaka 1952. Januari 1953 alianza masomo ya uuguzi, akapata cheti mwaka 1956, kisha cha ukunga mwaka 1958. Huko chuoni ndiko mdomo wake ulikotiwa adabu. Mwenzake wa bweni, Beatrice, alifiwa na mtoto mgonjwa mikononi mwake, akajificha stoo ya mashuka akilia. Enzi hizo muuguzi kulia ilikuwa aibu kubwa. Elinipendo alimkuta, akamkumbatia, akamfuta machozi vizuri kabisa, na jioni akalisimulia bweni zima. Hakuwa na nia mbaya. Habari ilimwasha ulimini tu. Wasichana wakacheka. Kesho yake Beatrice alifunga sanduku lake la bati akarudi kwao, na hakuvaa sare tena maisha yake yote. Beatrice huyo tuko naye hapa, ametoka Marangu, na ndiye aliyeturuhusu kuyasema haya. Anasema alishamsamehe siku nyingi. Marehemu mwenyewe hakujisamehe upesi hivyo. "Nilimvua sare kwa ulimi wangu," alikuwa akituambia, na hapo hata yeye alikuwa hacheki.

Tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa na shemeji yetu Gidioni Munuo, bwana shamba, wakajaliwa watoto watatu: Eliona, Juliana na Ndelilio. Walipanga nyumba Majengo, Moshi mjini, na marehemu akaanza kazi katika hospitali ambayo hatutaitaja jina kwa sababu alitukataza. Mwenye kuijua anaijua.

Kisha ukaja Uhuru! Mliokuwepo mnakumbuka mbio zile. Masista wa kizungu waliondoka mmoja mmoja, wodi zikabaki pale pale na wagonjwa wakaongezeka. Wasichana na wavulana waliotoka shule juzi walijikuta wanapokea watoto na kufunika maiti kabla ya chakula cha mchana. Taifa lilikuwa na haraka, na ilikuwa raha kuwa na haraka. Lakini nani aliwauliza wale wauguzi wao wanalalaje? Dada yetu aliuliza. Mwaka 1966 akaanza jambo lake, na hapo ndipo utamu wa wasifu huu ulipo.

Kila Jumamosi mchana alimwaga mkungu wa ndizi uani na kuwaita wenzake waje kumenya. Kofia ya sare ilitundikwa msumarini mlangoni, na ukishaivua wewe si sista, si daktari wala mwanafunzi. Macho yanakuwa kwenye kisu, mikono ina kazi, na maneno yanatoka yenyewe bila mtu kutazamwa usoni. Mwanafunzi alisikilizwa na mwanafunzi mwenzake, muuguzi na muuguzi mwenzake. Marehemu aliwafunza wasikilizaji wake kwa ukali. "Usimpe pole kabla hajamaliza. Usimhubirie. Na ukitoka hapa, hukusikia kitu." Yule aliyekuwa na mdomo kuliko Machame nzima! Shemeji alikuwa akifukuzwa nyumbani kwake kila Jumamosi, akizurura sokoni kama mjane. Alilalamika kwamba yeye ndiye mwanamume pekee wa Moshi asiyejua kinachoendelea uani kwake, na alikuwa anasema kweli.

Ila palikuwa na kosa moja ambalo Wachagga tu ndio wangelifanya. Tunamenya ndizi mbichi tangu utotoni, mpaka hatuoni tena utomvu unavyotupaka vidole weusi. Kule chuo cha uuguzi cha hospitali, wanafunzi walikula ugali wa jikoni na hawakugusa mgomba wiki nzima. Kwa hiyo aliyekwenda Majengo Jumamosi alirudi na ushahidi kwenye kucha zake, na kwa miaka minane hakuna aliyelifikiria.

Aliyelifikiria ni Bwana Theodory, msimamizi wa chuo. Ijumaa tarehe 5 Julai 1974 alimwita marehemu ofisini. Alikuwa amesikia kwa njia zake kwamba yuko mwanafunzi ambaye tangu mama mmoja afie chumba cha kuzalishia, mikono inamtetemeka, usingizi umemkimbia, na ameanza kusema afadhali asiamke. Mwanafunzi hakuwa na kosa. Mama yule alifikishwa akiwa amechelewa mno. Bwana Theodory alitaka kumfukuza kabla ya mitihani. Mazungumzo yao aliyasikia karani wa chumba cha pili, na kesho yake hospitali nzima ilikuwa inayajua.

"Mama Eliona, nipe jina."

"Jina la nani, Bwana Theodory?"

"Usinichezee. Chuo hiki hakifugi watu wenye mioyo mepesi. Anarudi kwao."

"Anayetetemeka anashikwa mkono. Hapelekwi stendi. Wenzake wanapokezana kukaa karibu naye, na anaanza kula. Ukimtoa kwa wenzake sasa, utamzika."

"Basi utakwenda stendi wewe. Jina, au uhamisho."

"Andika uhamisho."

Bwana Theodory aliitazama mikono ya marehemu iliyokuwa juu ya meza, kucha nyeusi kwa utomvu, akatabasamu. "Wala sihitaji mdomo wako. Jumatatu wanafunzi wote watanyoosha mikono mstarini. Wenye kucha nyeusi ni watu wako wa Jumamosi, na yule ni mmoja wao."

Shemeji anasema mkewe alirudi nyumbani siku hiyo amesawajika. Hakumweleza kitu, alimuuliza tu, "Baba Eliona, utomvu wa ndizi unatolewa na nini?"

"Limau na mafuta ya taa. Na siku kadhaa za kusugua."

"Siku sina." Akavua viatu, akavivaa tena. Ghafla akapiga kofi paja lake. "Kama vidole havitakati, basi tuvichafue vyote!"

Jumapili ile ilikuwa Saba Saba, sikukuu ya chama. Marehemu alikwenda mbio kwa mwenyekiti wa tawi la chama pale hospitalini, akamuuliza sikukuu gani hii isiyo na machalari ya ndizi, na ujamaa gani huu ambao wapishi wanamenya wakubwa wakiangalia. Mwenyekiti alifurahi mno, akatangaza kazi ya kujitegemea kwa wote, bila kujali cheo. Shemeji akazunguka kwa wakulima wake, na Jumapili baada ya ibada lori la chama cha ushirika likaingia limejaa mikungu, watu wakaimba! Madaktari walimenya. Matroni walimenya. Wafua nguo, madereva na wanafunzi wote, mpaka wale wa Dodoma ambao hawakujua kisu kinaanzia wapi. Mke wa Bwana Theodory alimenya akishangilia. Na Bwana Theodory mwenyewe, mwenyekiti akiwa amesimama kando yake anapiga makofi, angefanya nini? Alikunja mikono ya shati, akamenya kama anachonga mpini wa jembe.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya mstari akasema, "Nyoosheni mikono!" Wakanyoosha. Vidole vyote vilikuwa vyeusi, na cheusi kuliko vyote kilikuwa kile alichokuwa akiwanyooshea yeye. Nyuma kabisa matroni mmoja mtu mzima alishindwa kujizuia, akacheka, na mstari mzima ukamfuata. Mwanafunzi yule, ambaye mpaka leo familia haijui kama ni msichana au mvulana, alikuwa katikati ya kicheko kile, salama. Alifanya mitihani pamoja na wenzake. Tunajua tu kwamba alifaulu, kwa sababu mwaka huo wote walifaulu.

Uhamisho ulikuja Agosti, na haukuwa wa heshima: zahanati ndogo ya Uru, cheo kimepunguzwa. Marehemu alilia siku moja, akafunga mizigo. Basi ikawaje? Jumamosi ya kwanza tu, wauguzi walipanda mlima kwa miguu wakiwa na visu kwenye vikapu! Huko Uru alimpata Sista Veronika, muuguzi mwenzake, na wawili hao waliwafunza wasikilizaji wa zahanati nyingi za mlimani na za kwenye mashamba ya miwa kule chini. Bwana Theodory alihamishiwa mbali, akaenda na hasira zake.

Mwaka 1983 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na baadaye figo zikaanza kuchoka. Alistaafu mapema, akarudi hapa Machame pamoja na mumewe. Katika mwezi wake wa mwisho Sista Veronika alikuja mara nyingi, akafunga mlango, na wawili hao wakakaa humo mchana kutwa. Tulisikia kilio, na tulisikia vicheko. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 18 Aprili 1985 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa shemeji.

Baada ya hapo shemeji alimwita Sista Veronika, akamwomba amwambie mkewe alikuwa anaogopa nini, na kama alisema lolote juu yake. Sista Veronika alimshika bega akamjibu, "Baba Eliona, nakuheshimu sana. Nilichoambiwa niliambiwa mimi." Shemeji alikasirika, akatoka nje. Tulimkuta shambani kwenye kahawa anacheka na machozi yanamtiririka. Akatuambia, "Amemfunza vizuri. Amemfunza vizuri mno."

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, watoto watatu, wajukuu wawili na sisi wadogo zake wanne. Ameacha na watu wengine ambao hatuwezi kuwaorodhesha. Tumesimamia misiba mingi na tunajua utaratibu: kila kundi huitwa kwa jina lije liweke udongo. Watu wa Jumamosi hawataitwa. Hivyo ndivyo alivyoagiza. Tutakwenda kaburini sote pamoja, tumechanganyika, na hakuna atakayemuuliza jirani yake amemjuaje marehemu.

Dada yetu, yote uliyoambiwa umekwenda nayo. Mungu akupumzishe salama.