Mzee Kivuva na Viazi Vilivyopanda Trekta

Mzee Kivuva Ndululu anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Julai 1993, baada ya kuwapikia watu wa barabara kwa miaka ishirini na saba. Kwa muda huo wote amekosa kazini siku nne tu: tatu za mazishi ya mamake, na moja ya kuumwa na nyuki akichuma majani ya rozimeri kwenye ua wa kanisa.

Alianza mwaka 1966 kule Kambu, barabara kuu ikiwekwa lami. Aliandikwa kuchota maji, lakini mpishi wa wapima barabara akamfundisha viazi vya kuchoma. Kwa kuwa kila mgeni huuliza, acha tuseme wazi. Viazi humenywa, hukatwa vipande na kuchemshwa kwa maji ya chumvi mpaka kisu kiingie pembeni na kikatae katikati. Maji humwagwa. Kifuniko hufungwa, sufuria hutikiswa kwa nguvu, na viazi huchubuka kingo. Mchubuko huo ukikutana na samli ya moto sana hugeuka kuwa ganda linalolia mdomoni. Kitunguu saumu na rozimeri huingia mwisho, kwa maana vikitangulia vinaungua. Samli ni ya ng'ombe siku zote, si mafuta ya nguruwe. Mzee hakutaka sinia mbili, moja ya sisi Waislamu na nyingine ya wenzetu wanakwaya wa kanisa.

Hiki ni chakula cha kando. Kando ya nini, hatukuwahi kuambiwa. Nyama ilifika kambini wakati wa Krismasi. Siku nyingine viazi vilikaa kando ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kama mgeni wa arusi asiyejua bwana arusi ni nani.

Mwaka 1971 alihamishiwa gengi letu la kutengeneza barabara huko Zombe, watu arobaini. Hapo shida ikaanza. Sufuria ya watu arobaini haitikisiki. Ndeti, aliyekuwa na mabavu kuliko sisi wote, alijaribu mara moja na akaanguka nayo. Miaka mitatu tulikula viazi laini na kunyamaza.

Kisha siku moja mwaka 1974 tulikuwa tukifanya kazi mbali, na Mzee akapakia sufuria ya viazi vilivyochemka nusu kwenye trekta ya dereva wetu Kiilu ili amalizie huko. Kati ya mto mkavu na soko la Zombe palikuwa na kilomita mbili za murram, changarawe nyekundu, iliyojaa mawimbi, yale ya kutikisa meno. Sufuria ilipofunguliwa, kila kiazi kilikuwa kimechubuka sawasawa. Siku hiyo watu wazima walilamba sinia.

Tangu hapo kilomita hizo mbili hazikuguswa. Muli, dereva wa greda ya kusawazisha barabara, akifika pale aliinua kisu cha mashine polepole kama mtu anayevua kofia kaburini, akapita, akakishusha ng'ambo. Msimamizi wetu, Bwana Mwangangi, aliandika katika ripoti kwamba udongo wa sehemu hiyo bado unachunguzwa. Uliendelea kuchunguzwa kwa miaka kumi na mmoja. Kiilu naye alijifunza mwendo wa kuitembeza sufuria pale: gea ya pili viazi vinatoka na upara, gea ya nne vinatoka uji. Gea ya tatu ndiyo ya Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa siku ya injinia wa barabara. Mwaka 1979 ilitoka amri kwamba wapishi wa magengi yote waondolewe. Injinia, ambaye alikuwa amekula viazi vyetu, aliandika kwamba wa Zombe abaki "kwa sababu za kikazi", na akawa anakuja kila Ijumaa saa sita kuzikagua hizo sababu. Tulielewa wote. Viazi vikilegea, Kivuva anarudi kwao Tseikuru bila kazi, na ana watoto watano shuleni.

Mwaka 1985 akatokea Nzilani, mama anayeuza mayai, aliyeyabeba kwa baiskeli kutoka Zombe kupeleka Kitui. Alikutana na Kiilu akienda na sufuria iliyofungwa kwa mipira, na alipoteremka kuokota mayai yake akamwona akirudi nayo.

"Umebeba nini, kijana?"

"Viazi, mama."

"Vinakwenda wapi?"

"Vinarudi."

Aliifuata trekta mpaka jikoni kwetu, na ndoo ya maganda ya mayai mkononi. "Aiya! Miaka kumi na mmoja mayai yangu yanapasuka ili wanaume wapate viazi vyenye ngozi ngumu?"

Bwana Mwangangi alisema udongo unachunguzwa.

"Mnauchunguza kwa sufuria?"

Nzilani akamgeukia Mzee. "Ndugu Kivuva, sitaki kulipwa. Nataka barabara. Wiki jana mke wa jirani yangu alipitishwa hapo akiwa na uchungu wa kuzaa."

Mzee aliweka mwiko chini. Tulidhani atajitetea, kwa maana alikuwa na la kusema: watoto wake walikuwa watano. Alisema tu, "Muli, kesho asubuhi tunaenda." Asubuhi alipanda greda yeye mwenyewe, na aproni yake, wakapitisha kisu mara tatu mpaka pakawa laini kama meza.

Ijumaa hiyo viazi vilitoka na upara. Injinia alikula viwili, akauliza kama mpishi anaumwa, akaondoka kabla ya chai. Wiki iliyofuata tulijaribu kila kitu. Tulivifunga mgongoni mwa punda, punda akasimama mpaka jua likazama. Tuliviviringisha kwenye pipa mlimani, na pipa bado hatujalipata. Wanakwaya walivibeba wakicheza nyimbo tatu na kuvirudisha vikiwa vizima.

Ijumaa Mzee aliamka alfajiri na sufuria ndogo kama ya nyumbani. Aligawa viazi mafungu saba, akaikumbatia sufuria kifuani, akatikisa fungu moja baada ya jingine peke yake. Saa sita injinia aliuma kimoja, na mlio ukasikika mpaka kwenye greda. Akavuta kiti. Mzee akabaki kazini.

Amefanya hivyo Ijumaa zote kwa miaka minane. Mwaka huu bega la kulia limekataa. Daktari wa Kitui alimuuliza anafanya kazi gani.

"Mpishi."

"Mpishi wa nini, mawe?"

Barua ya daktari inasema asitikise kitu chochote tena, na ndiyo sababu tumekusanyika leo.

Mkewe, Mama Kasyoka, aliyefika jana kutoka Tseikuru, alituuliza ni viazi gani hivyo tunavyovisifu. Miaka ishirini na saba alijua mumewe anapika muthokoi. Nyumbani hajawahi kumwona akichemsha hata chai. Kwa hiyo asubuhi hii Mutindi, mpishi wetu mpya, ametikisa mafungu saba, na sisi tumemshika Mzee mikono asimsaidie. Mama, karibu mezani, sinia ya kwanza ni yako.

Mzee Kivuva, sisi tulioacha wake na watoto mbali tunajua ulichokiweka hatarini asubuhi ile juu ya greda. Asante. Mungu alipoze bega lako, akupe mvua Tseikuru na uzee wa kukaa ukiandaliwa. Na Mama akikuuliza kwa nini ulimficha viazi hivi, hapo hatuwezi kukusaidia.

Bishar Ahmednur, kwa niaba ya gengi la Zombe