Sahani Mbili, Karai Moja

Hakuna aliyemuuliza, lakini mzee wa Pulau Pinang, kisiwa cha Malaysia, hangoji kuulizwa mambo ya chakula, hata ndani ya basi. "Siku hizi sili tena tambi za kile kibanda cha kona ya hekalu," alimwambia mwanamke aliyekaa kando yake, wala hakumjua. "Marehemu mwenye kibanda alikaanga sahani moja moja miaka arubaini, foleni ifike barabarani isifike. Sasa bintiye anatia sahani mbili karai moja! Tambi zinatota, kombe wa pwani wanakuwa wagumu kama mpira."

Gaik Bee, ambaye ndiye binti mwenyewe, alikikumbatia kikapu chake. "Labda watu wana haraka, mzee."

"Mwenye haraka akale mkate! Unamtetea wewe, umewahi kula kwake?"

"Kila siku."

"Basi pole, mwanangu. Ulimi wako umekufa."

Mkono wa kulia wa Gaik Bee, ule wa kukaangia, ulikuwa umefungwa bendeji hadi kiwiko. "Juzi alikaanga moja moja," alisema, "akatukanwa na foleni nzima."

"Mshenzi gani huyo aliyemtukana?"

"Wazee kama wewe."

Mzee alifumbua kinywa, basi likafunga breki kona ya hekalu. Aliinuka kumpisha mwanamke ashuke, ndipo alipoyaona makaa kikapuni na mwiko mrefu wa chuma. Akanywea.

"Twende, mzee," alisema Gaik Bee. "Leo nakukaangia yako peke yake. Ila walio nyuma yako utawanyamazisha wewe."

Mlango ukafunguka. Foleni ya kibandani ilikuwa imekwisha kufika barabarani.