Kipa na Mshambuliaji wa Nyumba Moja

Mheshimiwa Naibu Gavana, Baba Askofu, Mwenyekiti wetu wa kamati ya mashindano Bwana Mathenge, makocha na wachezaji wa Kenya, Sudan Kusini, Shelisheli na Jibuti, wageni waalikwa, na nyinyi majirani zangu wa Kivumbini ambao najua wengi wenu mmeingia hapa Milimani bila kadi: hamjambo? Bwana asifiwe!

Bwana Mathenge aliponipigia simu juzi, aliniambia, "Mama Owuor, tunaomba uzungumze kwa niaba ya wazazi kabla wageni hawajaondoka." Nikamuuliza, "Wazazi wa timu gani?" Akacheka. "Si ndiyo sababu tumekuchagua?"

Kwa wasionijua, naitwa Akoth. Mimi ni fundi wa nguo, na nusu ya sare za shule mnazoziona mjini zimepita kwenye cherehani yangu. Owuor, mshambuliaji wa Kenya, ni mwanangu. Na Majok, kipa wa Sudan Kusini, yule pale mwenye bandeji juu ya jicho, ni mwanangu vilevile. Mmoja nilimzaa. Mwingine niliachiwa.

Mama yake anaitwa Nyibol. Tulikuwa majirani, mlango kwa mlango. Mwaka wa 2013, shule zilipofungwa, alipata habari kwamba mama yake ni mgonjwa kule Bor, Sudan Kusini. Akaniambia, "Nishikie huyu kijana wiki mbili tu, nakuja." Akaenda. Desemba ya mwaka huo huo vita vikazuka, Bor ikachomwa, na simu ya Nyibol haikulia tena.

Majok alikuwa na miaka kumi. Alikuwa akiniuliza, "Mama Owuor, mamangu yuko wapi?" Ningemjibu nini, ndugu zangu? Sikuweza kumwambia yuko hai, kwa sababu sikujua. Sikuweza kumwambia amekufa, kwa sababu sikutaka kujua. Nilikuwa namwambia, "Kula kwanza." Akawa anakula. Akajifunza Kijaluo jikoni kwangu, akalala kitanda kimoja na Owuor, na wote wawili wakageuza mlango wa choo cha ploti, kile tulichotumia wapangaji wote, kuwa goli. Baba Askofu unisamehe, lakini kuna watu walikuwa wanashindwa kutoka mle ndani kwa sababu nje kunapigwa penalti.

Baada ya miaka mitatu, simu ikalia. Sauti ikasema, "Akoth, ni mimi." Nyibol alikuwa hai, yuko Juba. Nililia mpaka mteja aliyekuja kupimwa suruali akaondoka. Majok alienda kumwona, akarudi kumaliza shule, na tangu hapo akawa na mama wawili.

Wavulana wakakua, kila mmoja akapata klabu. Mwaka juzi Kenya ikawaita wote wawili kambini. Mtaa mzima ulifurahi. Lakini Majok akasema, "Mimi nitachezea Sudan Kusini."

Tulikuwa tunakula. Owuor akaweka kijiko chini. "Umekulia hapa, umesomea hapa, halafu ucheze dhidi yetu?"

Majok akasema, "Mamangu hana TV, ana redio. Nikidakia kule, mtangazaji atataja jina langu. Alikaa miaka mitatu hajui niko wapi. Sasa nataka awe anasikia."

"Na huyu mama aliyekulisha hiyo miaka mitatu? Yeye ni nani?"

Niliwaambia, "Msinitie mimi katika maneno yenu." Lakini Owuor alikuwa ameshainuka. Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Kila mmoja alikuwa akinipigia simu, ananiuliza habari ya mgongo wangu, ya kazi, ya kanisa, lakini ya mwenzake haulizi. Nami nilikuwa natamani hata wagombane, mradi waongee.

Ndipo mwaliko wa mashindano haya ukaja. Timu nne, uwanja wetu wenyewe, na kama vile Mungu alikuwa anatutania, fainali ikawa Kenya na Sudan Kusini. Niliketi nyuma ya goli la Majok kipindi cha pili. Vijana wa mtaa wakaniuliza, "Mathe, leo uko upande gani?" Nikawaambia wanyamaze watazame mpira.

Wengi wenu mlikuwepo. Hakuna aliyefunga mpaka dakika za mwisho. Adongo wa Kenya akatoa pasi ndefu, Owuor akaufuata mpira, Majok akatoka kumfuata yeye. Nilisikia goti likigonga kichwa. Kweli, pale nilipoketi nilisikia. Majok akaanguka na hakusogea.

Refa alikuwa hajapuliza filimbi. Mpira ulikuwa hatua chache tu mbele ya Owuor, na goli liko wazi. Uwanja mzima ulisimama: "Piga! Piga!" Mwanangu akautazama mpira, akamtazama aliyelala, akaupiga. Aliupigia nje, juu kabisa, ukatua katikati yetu sisi tuliokuwa nyuma ya goli. Kisha akavua jezi, akapiga magoti, akaikandamiza pale palipokuwa panatoka damu.

Waliyosemezana nilikuja kuyasikia hospitalini. Owuor alimwambia, "Majok, niangalie. Usilale, niangalie mimi." Majok akafungua jicho moja akamjibu kwa lugha ya jikoni kwangu: "Owadwa, mbona hukufunga?" Owadwa ni kusema ndugu yetu, mtoto wa nyumba yetu. Na Owuor akamwambia, "Nyamaza, unatoka damu."

Karibu miaka miwili ya kununiana, na hivyo ndivyo walivyoimaliza.

Basi Majok akatolewa kwa machela, kipa wa pili akaingia, na Sudan Kusini wakapata kona wakafunga. Tukashindwa kwetu, mbele ya watu wetu. Nawapongeza washindi, kombe ni lao kwa haki. Lakini nisiposema na hili nitakuwa mnafiki: wapo waliomzomea Owuor akitoka uwanjani, wapo walioandika kwenye simu zao kwamba amenunuliwa, na wengine wenu mko hapa mnakula mbuzi. Siwataji. Nawauliza tu: angekuwa ni wako aliyelala pale, ungemwombea nani awe karibu naye, anayeutazama mpira au anayemtazama mtu?

Kocha Sitati, simama watu wakuone. Waandishi walimuuliza kama atamwacha Owuor nje ya timu. Akawajibu, "Kombe tutalitafuta tena. Kijana kama huyu nitamtafuta wapi?" Kocha, mimi sina cha kukupa, ila suruali yako ikichanika, unajua nilipo.

Niwaambie moja la mwisho. Majok alipomaliza kushonwa, simu ikalia. Ni Nyibol. Redio ilikuwa imemwambia yote: kipa ameumia, na ni nani aliyeutoa mpira nje. Majok akampoza, akamwambia ni mzima. Kisha Nyibol akaomba kuzungumza na Owuor. Nikamwona kijana wangu, amekaa kwenye benchi la hospitali bila jezi, ameipokea simu kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nyibol akamwambia kwa Kiswahili chetu cha Kivumbini, hajakisahau, "Owuor, nilikuacha mdogo. Leo nimesikia jina lako kwenye redio, nikasema huyu naye ni wangu." Mwanangu alinipa simu, akaenda kusimama dirishani, na Majok akamfuata na bandeji yake, wakasimama pale pamoja.

Viongozi wa Sudan Kusini wametangaza kwamba mwakani watatualika Juba. Nimeshapiga picha ya pasipoti. Nitaketi na Nyibol, kiti kwa kiti, na atakayetuuliza tuko upande gani atajuta.

Owuor, mwanangu, sikiliza. Mwakani ukibaki wewe na kipa peke yenu, na kipa ni mzima, amesimama kwa miguu yake miwili, usimwonee huruma. Piga. Na wewe Majok, daka.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Wageni wetu, mfike kwenu salama, na Mungu awabariki.