Ngazi Kumi na Nane za Mama Daftari

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mkuu wa Masjala wa taasisi yetu atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi, yote ndani ya jengo hili, na kwa hesabu yake mwenyewe amechelewa kazini mara mbili tu: siku aliyojifungua mtoto wa pili na siku aliyojifungua wa tatu. Mtoto wa kwanza alikuwa na adabu zake, akazaliwa Jumapili.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye kitambulisho, na wala halimsumbui. Kwetu ni Mama Daftari. Kwa mlioajiriwa juzi na bado mnapotea njia, masjala ni kile chumba cha ghorofa ya tatu chenye dirisha dogo la kupokelea karatasi. Kila karatasi inayoingia au kuhama ofisi huandikiwa mstari mmoja kwenye daftari kubwa lenye gamba jeusi: imetoka kwa nani, saa ngapi, nani ameifikisha, nani ameipokea. Asipopatikana wa kutia sahihi, mstari unabaki wazi, na ukibaki wazi Mama Daftari hatulii.

Ndiyo maana Jumatatu wiki hii alikataa kutia sahihi hati ya makabidhiano. Alimwambia msaidizi wake kwamba madaftari yote ishirini na sita yako sawa, isipokuwa mstari mmoja kwenye daftari la kumi na tatu, ukurasa wa themanini na nane, na kwamba yeye hamrithishi mtu mlango ulio wazi. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu eti nina kalamu nyepesi. Nilikubali kwa sababu nyingine. Mstari ule ni wangu.

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita, mpiga chapa wa mashine iliyokuwa ikisikika hadi getini. Akapelekwa masjala kwa wiki mbili tu, kumshikia nafasi karani aliyekwenda likizo. Karani yule hakurudi, na wiki mbili zile ndizo zinazoisha Ijumaa.

Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Kwa kuwa kazi zetu hazisimuliwi nyumbani, kila alipoulizwa na wakwe mkewe anafanya nini, alijibu kwamba anapanda ngazi. Watoto walikua wakiamini mama yao ni msafishaji wa ngazi, na binti wa mwisho aliwahi kuandika hivyo kwenye insha ya shule, akapata alama nzuri.

Mtamkumbuka pia kwa ile kalamu iliyofungwa kamba kwenye meza ya dirisha. Katika jengo hili siri haziibiwi, lakini kalamu hazikuwa zikipona. Mkurugenzi mmoja wa zamani alifika dirishani kuchukua jalada, akasema atatia sahihi baadaye kwa kuwa ameacha kalamu juu. Mama Daftari alimpa pole, akamsogezea kamba. Mkurugenzi aliinama akatia sahihi, maana kamba ilikuwa fupi, na tangu siku hiyo hakuna aliyepita bila kuinama.

Sasa nije kwenye lile lililomfanya ajulikane hadi bungeni, ingawa jina lake halimo kwenye kumbukumbu zozote za bunge.

Miaka ile ghorofa ya tatu ilikuwa ya Tawi la Uchambuzi, sisi wa kusoma na kuunganisha taarifa. Ya nne ilikuwa ya Tawi la Operesheni, wale wa kutoka na magari. Kati yetu kulikuwa na ngazi kumi na nane. Utaratibu ulisema taarifa haivuki kutoka tawi moja kwenda jingine mpaka wakuu wote wawili watie sahihi, na wakuu wetu walikuwa hawasemezani. Waligombania kivuli cha kuegeshea gari. Waliandikiana barua rasmi huku kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake dirishani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na sisi tulikuwa nyasi zenye vitambulisho.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, karatasi ya mistari mitatu ilitua mezani kwangu. Mtu wetu wa huko nje alionya kwamba watu wenye silaha wameonekana wakipima daraja la barabara ya kaskazini, na kwamba Jumamosi si siku ya kupita pale. Mimi sikuwa na gari la kupitisha popote. Taarifa ilikuwa ya ghorofa ya nne. Niliandika dokezo, nikaiweka taarifa kwenye trei ya kusubiri sahihi mbili, nikaenda kunywa chai. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke mjamzito, na nilikuwa mwoga wa utaratibu kuliko wa risasi.

Jumamosi alfajiri dereva wa operesheni tuliyemwita Gia alipita daraja lile na maofisa wawili, wakavamiwa. Hakuna aliyekufa, kwa neema ya Mungu na kwa ustadi wake wa kurudi kinyumenyume kwa kasi. Lakini mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na vidole vitatu havikufanya kazi tena. Dereva bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao hakushika usukani tena.

Jopo la uchunguzi liliundwa, na majopo, kama mnavyojua, hupenda kuondoka na kichwa cha mtu. Mama Daftari aliitwa na daftari lake. Sikulala siku mbili, maana nilijua hadanganyi. Na kweli hakudanganya. Alisoma mstari wangu kama ulivyo: imeingia Alhamisi saa nne na dakika kumi, haikupokelewa juu. Mwenyekiti akamshukuru, akataka kufunga. Yeye hakuketi.

"Kijana huyu alifuata utaratibu," alisema. "Sasa naomba tuusome na utaratibu wenyewe."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma mistari yote ya taarifa zilizowahi kupanda ngazi zile: siku saba, siku kumi na moja, siku tisa, haikufika. Alisoma kwa dakika arobaini. Mwenyekiti alipomwomba apumzike, alimwomba radhi kwamba ndiyo kwanza amefika mwezi wa tatu. Jopo lilitoka na hesabu yake: karatasi ilitumia wastani wa siku tisa kupanda ngazi kumi na nane. Kichwa changu kilibaki mabegani, na mwanangu alizaliwa na baba mwenye kazi.

Hesabu ile ndiyo iliyozaa muswada wa Sheria ya Uratibu wa Taarifa za Usalama. Rasimu ya kwanza aliileta mwanasheria kijana, mwenye tai na bidii, na ilikuwa na kurasa sitini. Ilikuwa na baraza la uratibu, kamati ya baraza, sekretarieti ya kamati, na mkutano kila robo mwaka. Masjala ilipewa nakala kwa heshima tu. Mama Daftari aliisoma yote kwa siku mbili, akamwita mwanasheria dirishani.

"Mwanangu, sheria yako nzuri," alimwambia. "Ila nimemtafuta mtu anayepanda ngazi, sijamwona."

Mwanasheria, ambaye sasa ni mtu mkubwa, husimulia mwenyewe kwamba alirudi ofisini akiwa amenuna, akaisoma rasimu upya, naye hakumwona. Siku ya tatu alirudi na kiti chake, akaketi nje ya dirisha lile. Hapo ndipo kilipoandikwa kifungu cha kumi na nne. Huitwa kifungu cha Mama, na nambari ya kumi na nane, aliyoitaka kwa ajili ya ngazi, aliikosa kwa sababu tayari ilikuwa na mambo ya samani. Kifungu kinasema kila tawi liwe na ofisa wa zamu anayetambulika kwa cheo. Apokeapo taarifa ya kuhatarisha maisha ya mtu, aifikishe kwa mkono ndani ya saa mbili, apate sahihi ya mpokeaji. Na asiadhibiwe kwa kuvuka bila idhini ya mkuu, ikiwa amevuka kwa nia njema.

Wapo waliofurahi mno, wakadhani sasa kila mtu atasoma kila kitu. Aliwakatisha tamaa mapema. Kushirikiana si kuanika, aliwaambia, na taarifa za watu ni za watu. Ndiyo sababu kifungu cha kumi na tano kinataka kila aliyesoma aandikwe, na daftari hilo likaguliwe na jaji asiye wa kwetu. Wengine walinung'unika. Leo ndicho kinachotulinda tunapoulizwa maswali.

Sheria ilipita mwaka wa tatu baada ya shambulio la darajani. Wastani wa ngazi zile sasa ni dakika thelathini na tano, na hiyo ni kwa sababu wengine wetu tumenenepa.

Gia alirudi kazini baada ya mwaka mmoja, akapewa meza ya mapokezi ya ghorofa ya nne, ambako yuko mpaka leo na sasa tunamwita Mzee Gia. Alijua karatasi fulani ilichelewa. Hakujua ilikaa kwa nani. Shughuli za jopo zilikuwa za siri, na Mama Daftari hakumwambia mtu. Kwa miaka kumi na minane nimemwamkia mzee yule kila asubuhi, akanijibu kwa furaha, nami nikapita upesi. Hilo ndilo deni nililokuwa nalo, na mama huyu alilijua kuliko mke wangu.

Jana, Jumanne, nilikwenda masjala. Hakuniuliza shida yangu. Alitoa bahasha ya vielelezo vya jopo, akanipa karatasi yangu ya mistari mitatu, kisha akafungua kamba, akanikabidhi kalamu. Akachukua daftari la kumi na tatu, tukapanda wote. Nilihesabu ngazi. Ni kumi na nane kweli.

Nilimweleza Mzee Gia yote, nikiwa nimesimama. Aliipokea karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisoma, akaisoma tena.

"Kumbe yenyewe fupi hivi," alisema.

Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi kwa mkono ule wa kushoto, taratibu, kwenye nafasi iliyomngoja. Aliporudisha kalamu alinitazama, akasema, "Kwa mwendo huu hata udereva nisingeuweza," akaniburutia kiti niketi. Nililia mbele ya wageni wawili wa mapokezi, ambao sidhani kama walielewa wamefika ofisi gani.

Mama Daftari alijaza safu iliyobaki, ile ya muda uliotumika: siku elfu sita mia tisa arobaini na mbili. Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akashuka kutia sahihi hati yake ya makabidhiano.

Mama, kwa niaba ya ghorofa zote mbili, ahsante. Nenda ukapumzike na fundi wako, na nyumba yenu, tumeulizia, haina ngazi hata moja. Kalamu tumeirudisha kwenye kamba yake.